Mashuka ya Jumatano

"Aliyekaa ndiye ajuaye kilio." Ninyi wanafunzi wa mazoezi mmeisikia leo kwa mama wa jikoni, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza mimi niliyestaafu jiko hilohilo. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi, hapahapa Tukuyu, katika makao haya ya watoto.

Enzi hizo walezi walikuwa wawili kwa watoto thelathini. Walikuja vijana wazuri kama ninyi, wakapigiwa vigelegele, na kabla mvua haijakatika wamekwenda. Mmoja aliolewa, mwingine alipata kazi zahanati, wengine walichoka tu. Siwalaumu. Watoto waliacha hata kujifunza majina yao, kila mlezi wakamwita Dada Mpya. Nikikumbuka, mpaka leo moyo unaniuma.

Palikuwa na Tupokigwe, binti wa miaka mitano, na mdogo wake Lusajo aliyekuwa bado anatambaa. Tupokigwe alikaa wiki nyingi ametulia, kisha ghafla analia kutwa nzima, anakataa uji, anang'ata watu. Katika daftari la walezi mmoja aliandika tumbo, mwingine deko, mwingine ukaidi. Ofisa ustawi wa jamii alipolisoma, akaamua binti ahamishiwe makao ya mbali ya watoto wakorofi. Lusajo angebaki.

Gari lilikuja Jumatano. Tupokigwe alikuwa analia tangu alfajiri, amemng'ang'ania mdogo wake. Ofisa akamwita Sekela, mlezi pekee aliyetimiza miaka miwili, aje awatenganishe.

"Huyu si mkorofi," Sekela alisema. "Mlezi akiondoka hufua mashuka yake, amwachie mwenzake kitanda safi. Siku yetu ya kufua ni Jumamosi. Tupoki akiona mashuka kambani siku nyingine, anajua kuna anayekwenda zake. Nimeshuhudia saba wakiondoka, na mara zote saba alilia hivi. Leo ndipo nimepata hakika."

"Mbona hili halikuandikwa daftarini?" ofisa akauliza.

"Nani angeandika, mzee? Anayefua anaondoka, na anayekuja hakuona kitu."

Ofisa akatazama kambani. "Na hayo ya leo ni ya nani?"

Sekela akainamisha kichwa. "Yangu. Nimepata kazi Mbeya, na sikuwa nimemwambia mtu."

Mimi nilisimama mlangoni na mwiko wangu, uji ukiungua nyuma yangu. Sekela akamtazama yule mtoto.

"Nileteeni mlezi wa tatu, nami nitabaki," akasema. "Wawili hatuwezi. Tunakimbia kwa sababu tunaelemewa."

Ofisa akaahidi, na kusema kweli alitimiza. Gari likarudi tupu.

Sekela akayaanua mashuka yakiwa bado yanachuruzika, akaenda kuyatandika kitandani mwake, na baridi ya Tukuyu mnaijua. Tupokigwe alisimama kando akimwangalia mpaka pindo la mwisho likachomekwa. Kisha akaja jikoni na bakuli lake, macho mekundu, akadai uji. Nikampakulia ule ulioungua, akaula wote. Hapo ndipo maneno yaliponitoka, wala sikuyatunga: aliyekaa ndiye ajuaye kilio.