Fuko Aliyepiga Hodi kutoka Chini

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa gani hiyo, mmemeza gundi? Tena, na kifua kitoke. Paukwa?

Pakawa!

Ehee, sasa najua kuna watu. Na ninyi mnaobambua karanga huko nyuma, bambueni taratibu. Katika hadithi hii yumo mmoja anayesemea chini ya udongo, na sauti yake ni ndogo.

Hapo zamani za kale, kale hasa, Nyati akiwa bado mfalme asiye na adabu, palikuwa na bonde lenye mto mmoja. Bondeni humo aliishi Bi Kanga. Hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa na madoadoa yake, shingo yake, na mdomo usiojua kupumzika. Alijenga chini ya kichaka, kwenye mwinuko, akataga mayai yake akayalalia. Kila aliyekatiza hapo aliambiwa, "Piga hodi, hapa pana wenyewe." Hata upepo aliuuliza mbona umeingia kimyakimya.

Na chini ya bonde hilohilo aliishi Fuko. Fuko mnamjua: macho ni kama hana, na ukimweka kiganjani nafasi inabaki. Lakini Fuko huyu alizaliwa na nguvu zisizo na mfano. Akisukuma udongo, kilima kinasogea. Akikwangua mara moja, wewe na jembe lako mngekwangua msimu mzima. Jiwe tu ndilo lililomshinda. Juu ya jiwe, Fuko alikuwa mnyama mdogo mwenye ngozi laini, basi.

Ikanyesha mvua. Ikanyesha, ikanyesha, mto ukavunja kingo. Mfalme Nyati akapanda kilimani na jamaa zake, wala hakugeuka nyuma. Wadogo wakabaki bondeni, maji magotini, maji kiunoni, maji kifuani. Wakalia.

Fuko akasikia kilio. Hakuuliza nani analia, wala kama ni ndugu yake. Akachimba, akachimba, akachimba, akapasua mtaro chini ya bonde zima hadi upande wa pili. Maji yakazama, yakaenda zake nyikani. Wanyama wakaimba jina lake hadi sauti zikakauka.

Bi Kanga hakuimba. Maji hayakuwa yamemfikia kule mwinukoni, lakini mtaro ulipita chini ya kichaka chake, na ardhi ikadidimia. Nyumba ikaingia shimoni pamoja na mayai yote. Alikuwa ameondoka kidogo kutafuta mchwa, akarudi akakuta shimo.

Fuko alipotoa pua nje, akasikia mtu analia bado.

"Nani huyo? Maji si yameondoka?"

"Ni mimi, uliyenizikia wanangu," akasema Bi Kanga.

Fuko akashtuka. "Mama, sikujua kama juu yangu kuna nyumba."

"Ungepiga hodi."

"Chini hakuna mlango, mama."

"Mdomo je, huna?"

Fuko hakusema ameokoa wengi, hakusema mtu mmoja si kitu. Alikaa pembeni ya lile shimo akalia naye. Nawaambia ukweli, watu wenye nguvu wanaoweza kukaa hivyo ni wachache.

Lakini uchungu hausikii la mtu. Bi Kanga akaenda kwa Mfalme kushtaki. Nyati alimsikiliza huku akicheua, na moyoni anafurahi, maana ule wimbo wa Fuko ulikuwa umemkereketa. Kesho yake Kunguru, waziri wake, akazunguka bonde lote akipiga mbiu.

"Sikieni, sikieni. Mwenye nguvu zisizo za kawaida, kuanzia leo nguvu zake ni za Mfalme. Atavaa njuga mguuni, ajulikane aendako. Hatamwokoa yeyote mpaka apewe ruhusa."

Tai, mwenye jicho la kuona hadi nchi ya tatu, akahama nchi. Komba, mwenye sikio la kusikia hata kifaranga ndani ya yai, akajitia kiziwi. Fuko alikuja mwenyewe, akanyoosha mguu.

"Nifungeni. Nimemkosea huyu mama."

Akafungwa njuga. Bi Kanga akaona haki imetendeka, akajenga nyumba nyingine mbele kidogo, akataga tena.

Siku zikaenda. Nguchiro jirani alikuwa na shimo lake ndani ya gema la udongo, na asubuhi moja gema likaporomoka likaziba mlango, watoto wamo ndani. Nguchiro akaja mbio kwa Fuko. "Baba, wanangu hao. Nawasikia wanakwaruza."

Fuko akaenda kwa Mfalme, njuga zikilia mguuni, cheke, cheke, cheke. Kunguru alikuwa mlangoni.

"Naomba ruhusa, watoto wanazikwa."

"Mfalme anakula."

Fuko akangoja, akauliza tena.

"Mfalme anagaagaa matopeni."

Akangoja, akauliza mara ya tatu.

"Mfalme amesinzia. Na akiamka atataka kujua Nguchiro ana faida gani kwake. Wewe una haraka ya nini, wale ni wanao?"

Fuko alijua akiondoka bila ruhusa hatasamehewa. Kisha akageuka, akazama ardhini pale pale mbele ya Kunguru, na njuga zikasikika zikienda chini, cheke, cheke, cheke.

Bi Kanga alikuwa amelalia mayai yake. Mara akasikia sauti chini ya tumbo lake.

"Hodi."

Akadhani ni njaa. Akatulia.

"Hodi, Bi Kanga. Ni mimi Fuko. Watoto wa Nguchiro wamefukiwa, na njia ya karibu inapita hapa kwako. Ukikataa nitazunguka, ila nitachelewa."

Bi Kanga akanyamaza, na kwake hilo lilikuwa jambo geni. Mtu yule yule, udongo ule ule, na mayai mengine haya chini yake. Angeweza kusema la, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Hodi, mama," akasema Fuko mara ya tatu, na sauti yenyewe ilikuwa ya mtu anayeomba kweli.

"Karibu," akasema Bi Kanga. "Lakini subiri niyahamishe."

Akayaviringisha mayai kwa mdomo, moja baada ya jingine, hadi kando kwenye majani. Fuko akasubiri. Watoto wanakwaruza huko, na bado akasubiri. Lilipohama yai la mwisho akaambiwa, "Pita sasa, baba." Akapita kama mshale. Watoto wa Nguchiro wakatolewa wote wako hai, mmoja tu akichechemea, na yai hata moja halikupata ufa.

Mngedhani angejificha? Thubutu. Alijipangusa udongo akaenda kwa Mfalme kwa miguu yake.

Nyati alikuwa ameshaamka. "Umeivunja amri yangu."

"Nimeivunja, Mfalme."

"Nitakusamehe, ukinifanyia kazi moja. Ichukue ile chemchemi ya bondeni inayoulisha mto, uilete ndani ya ua wangu. Mwenye kiu aje hapa, apige magoti, ndipo anywe. Nguvu zako si zangu?"

"Hiyo siwezi," akasema Fuko.

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki. Nilikubali njuga kwa sababu nilimuumiza mtu. Sikuzikubali ili niwaumize wote."

Nyati akapiga kwato. Akaamuru Fuko aanikwe juu ya mwamba mpana ulio wazi, jua likipanda, mpaka akauke. Na ili lionekane ni jambo la haki, akaita bonde lote lije, nalo lilikwisha sikia habari ya chemchemi, akamweka Bi Kanga mbele kabisa, kwani ndiye mshtaki.

Fuko akawekwa juu ya jiwe. Akakwangua, jiwe halikusema kitu. Jua likapanda. Ile ngozi iliyozoea udongo wa baridi ikaanza kukunjamana. Hakuomba msamaha wala hakumtukana mtu.

"Bi Kanga," akasema Nyati, "waambie huyu alikufanya nini."

Bi Kanga akasogea mbele. Aliona wazi kuwa maneno yake mwenyewe ndiyo yaliyompandisha Fuko pale juu, na kwamba asipoyageuza sasa hivi, kufikia adhuhuri hatakuwapo Fuko wa kugeuziwa maneno.

"Aliniulia watoto," akasema. "Hilo sikulisahau, na silisahau leo. Nilipokuja kwako, Mfalme, nilitaka kitu kimoja tu, apige hodi. Basi. Amepiga. Alipiga mara tatu, akangoja nihamishe mayai yangu, na wakati huo watoto wa watu wanakata roho. Wewe ulipotunga amri yako ulimpigia nani hodi? Chemchemi yetu ulitaka kuibeba, ulimpigia nani hodi?"

"Nyamaza."

"Kunyamaza mimi sijafundishwa. Mashtaka ni yangu, na nayafuta. Kama bado unamtaka, sema unamtaka kwa hofu zako, usitumie machozi yangu."

Akaruka, akatua juu ya mwamba, akatandaza mbawa zake juu ya Fuko. Kivuli chenyewe kilikuwa kidogo, cha kufunika kichwa tu. Nguchiro akapanda akasimama upande wa jua. Na yule mtoto anayechechemea akapanda. Akapanda Digidigi, akapanda Pimbi, hata Komba akakumbuka kuwa anasikia, akapanda. Mwamba ukajaa. Fuko akawa gizani, akashusha pumzi.

Nyati akainamisha pembe. Akamtazama huyu, akamtazama yule. Wa kumpiga mmoja angempata, lakini akiwapiga wote angebaki mfalme wa mawe. Kunguru alikuwa wa kwanza kuruka akaenda zake. Nyati akageuka polepole, akarudi kwenye matope yake, na tangu siku ile amri zote za bonde zilisemwa barazani mbele ya wote, na asiyekubali alisikilizwa hadi amalize.

Bi Kanga akazikata njuga kwa mdomo. Wanyama wakaanza ule wimbo wao, lakini Fuko akawaomba wangoje.

"Mama," akasema, "wale wa kwanza siwezi kukurudishia."

"Huwezi," akasema Bi Kanga. "Shuka chini, mwanangu, ngozi yako inakauka."

Fuko akashuka. Na kila alipopita chini ya makazi ya mtu, alisimama, akasema hodi, akangoja. Aliyesema la, alizungukwa. Nguvu zake hazikupungua hata chembe.

Basi, wanangu, funzo ndilo hilo. Mwenye nguvu usimfunge ili awe wako, na usimwache apite tu juu ya watu kwa kuwa anatenda mema. Mwache awe huru, naye awaombe ruhusa wale ambao ardhi ni yao. Anayeweza yote na bado akangoja aambiwe karibu, huyo mimi namvulia kilemba.

Hadithi nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe kwake, aliyechoka nayo aniachie niipeleke kwa wengine, na hizo karanga zilizobaki nipeni mimi.