Jiwe Lenye Jicho

Usilitupe jiwe hujalipindua. Mmelisikia neno hilo leo, wajukuu zangu, na mnauliza limetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Machimbo ya vito ya Mwarungu yalikuwa na mwiko. Mchimbaji akipata jiwe hulilamba vumbi litoke, kisha huliinua juani aione rangi. Akiona ndani yake doa mfano wa jicho, hulitupa nyuma ya bega katika shimo la zamani, wala hageuki. Walisema ni jicho la mtu aliyefukiwa, linatafuta wa kumfuata.

Mume wa Mkawasi alifukiwa na kifusi. Walipomtoa, kiganja chake kilikuwa kimefumbata jiwe la zambarau, nalo lilikuwa na jicho. Wachimbaji wakataka litupwe kabla ya maziko. Mkawasi akalishika kwa mikono miwili. Ndicho kitu cha mwisho alichokigusa mumewe.

Mzee Mwakisha, mkuu wa machimbo, akanyoosha mkono. "Lete, mwanangu. Hilo linakuangalia."

"Basi na mimi niliangalie, baba. Ninyi mmewahi?"

Jua lilikuwa utosini. Mkawasi akalilamba, baridi yake ikamshuka hadi kooni. Akaliinua. Upande mmoja lilikuwa hafifu kama ua la biringanya. Alipolipindua, rangi ikakolea kama biringanya lenyewe. Na jicho likasogea.

Watu wakarudi nyuma. Akalipindua tena, jicho likapanda tena, polepole, kama mtu atafutaye pumzi. Hakuliachia. Mara ya tatu akatazama kwa makini, machozi yakamtoka.

"Ni kiputo cha hewa," alisema. "Humu mna maji. Kiputo kinapanda tu, kama kwenye chupa ya mafuta."

Mzee Mwakisha akalipokea, akalipindua mara saba. Miaka arobaini alikuwa akiyatupa mawe kama hilo.

Baada ya kuzika, wakaenda kuchungulia shimo la zamani, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Mvua ilikuwa imelijaza maji. Jua likapenya hadi chini, na huko chini yakawaka mawe ya zambarau, mamia kwa mamia, yakiwatazama walioyapa kisogo.

Mzee akavua kofia, akauliza nani atashuka. Kina kilikuwa kirefu mno; hakuna aliyeshuka, hadi leo.

Mkawasi alirudi nyumbani na jiwe lake. Wengine walirudi na neno hili tu: usilitupe jiwe hujalipindua.