Tanguliza Ufunguo

"Tanguliza ufunguo, gari litafuata." Mmeisikia, wajukuu, mkacheka, kisha mkauliza imetoka wapi. Basi methali hii ilianza hivi, Kariakoo, kwenye chumba cha ushonaji cha mafundi watatu.

Fundi Chiku alikuja kazini kwa basi la mwendokasi, akisimama njia nzima kwa mguu mmoja. Fundi Mbaraka alikuja kwa baiskeli kutoka Buguruni, na siku za mvua alifika amelowa chapachapa. Fundi Kibwana naye alipanda basi, mpaka aliponunua gari. Lilikuwa la mtumba, lakini kulifuta vumbi huko, utadhani anamwogesha mtoto mchanga! Tangu hapo akadai kutunza ufunguo wa chumba.

"Mwenye gari hachelewi," alisema. Wenzake walichoka kubishana, wakampa. Akautia kwenye pete moja na ufunguo wa gari, uning'inie watu wauone.

Jumamosi moja, Mwanaidi alifika saa mbili kuchukua gauni lake la harusi. Ndoa ilikuwa saa nne. Gauni liko ndani, mlango umefungwa, na Kibwana yuko Magomeni kwenye foleni, anasogea hatua mbili, anasimama robo saa. Chiku alikuwa amempita zamani kwenye njia ya mabasi, akampungia mkono dirishani. Sasa akampigia simu.

"Kaka Kibwana, bibi harusi analia huku. Uko wapi?"

"Magomeni."

"Basi usitoke hapo, Mbaraka anakuja."

"Nitatokaje, Chiku?"

Aibu ilimchoma Kibwana. Shingo ya gauni lile aliitarizi kwa mkono wake, wiki mbili nzima. Mara kengele ya baiskeli ikalia dirishani. Mbaraka, jasho likimtiririka, alinyoosha kiganja.

"Lete ufunguo."

"Mpaka nizime gari!"

"Zima."

"Na foleni ikitembea? Si watanitukana?"

"Ndugu yangu, tanguliza ufunguo, gari litafuata."

Kibwana akazima. Pete ilikuwa ngumu, akaipanua kwa meno huku honi zikimzomea nyuma. Mbaraka aliudaka ufunguo, akapotea katikati ya magari.

Kibwana alipofika, saa nne ilikuwa imepita. Mlango ulikuwa wazi, gauni limeondoka na mwenyewe, na juu ya cherehani yake Mwanaidi alikuwa amemwachia sahani ya halua.

"Karibu, Gari," alisema Chiku.

Kibwana alicheka kuliko wote. Kisha akachukua ufunguo, akautundika mwenyewe kwenye usukani wa baiskeli ya Mbaraka. Gari hakuliuza, na mvua iliponyesha aliwapakia wenzake wote wawili. Ila kila alipokuja bwana kushonesha suti ya harusi, na posa bado hajapeleka, Kibwana alikunja futi yake, akamwambia:

"Tanguliza ufunguo, gari litafuata."