Pimbi na Mkia wa Kuburura

Hapo zamani za kale, siku ambazo wanyama walikuwa na nyumba, na soko, na majirani wa kugombana nao kama sisi, palikuwa na msichana mmoja Pimbi. Mnamjua pimbi, wanangu? Kanyama kadogo, ka mviringo, kanakaa kwenye mawe, mkia hakana hata wa dawa.

Lakini Pimbi huyu alikuwa na mikia saba.

Alikuwa na mkia wa manyoya ya kanga. Alikuwa na mkia wa shanga, na mwingine wa ukindu uliotiwa rangi nyekundu. Alikuwa hata na mkia wa njuga, ambao akitembea unalia cha! cha! cha! mpaka ndege wanageuka kumtazama. Yote aliinunua dukani kwa Fisi, na Fisi alikuwa fundi wa kuuza. Kila siku ya soko alisimama mlangoni akinadi:

"Mkia wa kuzaliwa ni wa kulalia! Mkia wa kutembelea uko kwa Fisi! Karibu dada, karibu kaka, leo upo, kesho haupo!"

Vijana wote wa bonde walikuwa wateja wake, hata wale waliozaliwa na mikia yao mizuri.

Karanga za kununulia mikia walizipata kwa jasho. Walikuwa vibarua wa Bwana Kiboko, ambaye ardhi yote ya kando ya mto ilikuwa yake, na majabali yaliyo juu yake pia. Pimbi alilima, akapalilia, akang'oa karanga, na mwisho wa mwezi akapewa kapu moja. Alilala kwenye ufa wa jabali la kupanga, yeye na wenzake wawili: Digidigi, mwepesi wa kulia, na Nungunungu, ambaye akigeuka usingizini wote wanapiga kelele, "Yalaa! Mgongo wangu!" Mvua ikinyesha, maji yalidondoka ndani, to, to, to. Palikuwa na pahali pamoja tu pakavu, na hapo waliweka mikia.

Siku moja mama yake alikuja kumwona. Akachungulia ule ufa, akashika kiuno.

"Mwanangu! Mikia saba, na matako mawili?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwa nini huweki akiba ukapata kiwanja? Bibi yako alimlimia Kiboko msimu mmoja, akapewa kiwanja. Mimi nililima misimu kumi, nikapewa kibanda na bustani."

"Na mimi nilikwenda kuuliza, mama. Unajua alinijibu nini? Alipiga mwayo, aaaah! akasema, 'Misimu mia mbili.' Nikamwambia, 'Bwana Kiboko, pimbi haishi misimu mia mbili.' Akasema, 'Sasa hilo kosa langu?'"

Mama akakaa chini.

"Basi, mama, nikiweka karanga zangu zote, kiwanja sipati. Mkia ninaupata leo, na siku moja nzima ninajiona mtu kati ya watu. Kosa langu ni lipi?"

Mama Pimbi alijua bintiye hakusema uongo. Alimwachia viazi vitamu alivyokuja navyo, akarudi kwake akitikisa kichwa.

Haikupita wiki, Kiboko akatoa tangazo. Mvua kubwa zikianza, wapangaji wote wa majabalini wahame. Anapataka pale, apate pa kuotea jua.

"Tutahamia wapi?" Digidigi akalia.

"Sijui," akasema Pimbi. Na kwa kuwa hakujua, akafanya alilolizoea kila moyo ulipomwelemea: akachukua kapu lake la mwezi ule, akaenda kununua mkia wa nane.

Alirauka ili awe wa kwanza. Alipofika, duka lilikuwa bado limefungwa, lakini nyuma palikuwa na sauti. Pimbi akazunguka taratibu, akachungulia kwenye majani. Akamwona Fisi anapanga makapu ya karanga, moja, moja, miguuni pa Bwana Kiboko! Kapu la tatu Pimbi alilijua. Lilikuwa lake la mwezi uliopita. Mshikio wake aliufunga mwenyewe kwa katani.

"Ni yote haya?" Kiboko aliuliza.

"Yote, bosi. Walichovuna kwako wamekirudisha kwako. Hi! hi! hi!"

"Na viwanja? Bado wanaulizia?"

"Aka! Siku hizi hawaulizii viwanja, bosi. Wanaulizia mikia."

Wakacheka, mmoja kwa pua, mwingine kwa tumbo, hadi majani yakatetemeka.

Pimbi hakukasirika mara ile. Kwanza aliona haya. Alikaa chini ya kichaka, masikio yanamwaka moto, akaikumbuka kila safari aliyotoka dukani mle akijishaua. Hasira ilikuja baadaye, njiani. Na nyuma ya hasira likaja wazo, maana Kiboko alipogeuka kwenda zake, Pimbi alikuwa ameona kitu ambacho hakuwahi kukitazama vizuri. Aliuona mkia wa Kiboko.

Jamani! Mwili kama nyumba, mkia kama mswaki!

Alifika jabalini anahema. "Leteni mikia yenu yote. Yote!"

"Ya nini?" Digidigi akauliza.

Pimbi akawaeleza aliyoyaona dukani, na alilolifikiria. Nungunungu alichomoa mwiba mmoja mgongoni, akautoboa tundu, ukawa sindano. Lakini Digidigi alikumbatia mkia wake wa magamba ya konokono, machozi yanamtoka.

"Huu niachieni! Nililima miezi miwili kwa ajili ya huu!"

"Ndugu yangu," Pimbi akamwambia, "na mimi natoa wa njuga."

Digidigi alimtazama, akapenga kamasi, akautoa.

Habari ikapita kimyakimya kwa vijana wote wa majabalini, na kila mmoja akaleta wake. Wakashona siku nne. Palipokataa sindano, wakagandisha kwa utomvu. Ukatoka mkia mmoja, wanangu, mrefu kama njia ya kwenda kisimani, unang'aa, unalia, unanukia!

Siku ya tano, jua la asubuhi, Pimbi akafungwa ule mkia, wenzake sita wakaubeba nyuma, wakapita ukingoni mwa dimbwi la Kiboko.

"Pisheni! Pisheni! Mkia unapita!"

Kiboko akatoa sikio moja majini. Kesho yake wakapita tena, akatoa macho. Siku iliyofuata akatoka mzima, chubwi-chubwi, maji yanamchuruzika.

"We Pimbi! Simama hapo!"

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Hicho nini?"

"Mkia tu, bwana."

"Naona ni mkia. Unauzaje?"

"Hauuzwi."

"Makapu kumi ya karanga!"

"Karanga ninazo, bwana, nashukuru." Hakuwa nazo hata konzi moja. Moyo ulimpiga du! du! du! akaogopa utasikika. "Tena nawahi. Mzee Tembo ameniambia nisimpe mtu mwingine kabla yake. Mkia wake unajua ulivyo, kama kamba ya mbuzi. Anasema kwa hadhi yake, huu ndio unaomfaa."

"Tembo!" Kiboko akafura. "Tembo avae hiki, mimi nimtazame? Sema unachotaka!"

Pimbi akajikuna, akajifanya anafikiri.

"Labda ... yale majabali. Na kale kakipande kanakoteremka mpaka mtoni."

"Majabali? Pale nataka kuotea jua!"

"Ni kweli, bwana, pale pazuri. Basi tuache. Jamani, bebeni, twende kwa Mzee Tembo."

Wale sita wakainua. Njuga zikalia cha! cha! cha!

"Ngoja!" Kiboko akanguruma. "Mawe yale, hata magugu hayaoti. Chukua!"

Akaitwa Korongo, mpimaji wa viwanja, kwa sababu ya miguu yake mirefu. Akapima kwa hatua toka jabali la juu mpaka majini, bonde zima likaja kutazama. Kisha Kiboko akapiga mguu chini mara tatu, puu! puu! puu! Zama hizo, hiyo ndiyo ilikuwa sahihi ya kuuziana ardhi, na ikishapigwa imepigwa.

Wakamfunga ule mkia mrefu. Kiboko alipita mbele ya umati kama bwana harusi, kushoto, kulia. Wakampigia vigelegele. Akanogewa. Lakini jua lilianza kumchoma ngozi, na tumbo lilianza kumkata, maana alikuwa ameshiba. Sasa, kiboko akijisaidia hufanyaje? Mkia wake mfupi huzunguka wenyewe, ukirusha mavi huku na huko. Ndivyo alivyozaliwa, hawezi kuuzuia.

Pa! pa! pa! pa! pa!

Mkia wote ukafumuka! Shanga huku, manyoya kule, magamba kwenye kofia za akina mama, na mavi juu ya kila kitu. Fisi, aliyekuwa mstari wa mbele kumshangilia bosi wake, yakampata usoni pwaa!

Umati ulicheka mpaka wengine wakalala chini.

"Umeniibia!" Kiboko akanguruma. "Huu si mkia, ni takataka!"

"Ni mikia ya dukani kwa Fisi, bwana," Pimbi akasema kwa adabu. "Kila kipande. Kama ni takataka, tumuulize Fisi mwenye duka ni nani, turudishiwe karanga zetu sote."

Macho yote yakamgeukia Fisi, na Fisi, anapangusa uso, akamtazama Kiboko. Basi hapo hata asiyejua akajua.

Kiboko akarudi nyuma hatua moja, mbili, akazama, chubwi. Yalibaki mapovu.

Si kwamba dunia iligeuka, wanangu. Ujira wa Kiboko ulibaki kapu moja, na ardhi kubwa ilibaki yake. Lakini mvua zilipoanza, hakuna aliyehama majabalini. Nyufa waliziziba kwa udongo, na kale kakipande ka chini wakakapanda karanga. Mavuno ya kwanza hayakuwa mengi. Waliyachemsha yote kwa chungu kimoja, wakala usiku ule huku mvua ikipiga nje, na Mama Pimbi yupo, amekaa pakavu, anamenya na kusema, "Haya, haya, zina chumvi kweli."

Siku nyingine Fisi alipita na sinia la vipuli vya masikioni. Pimbi alivitazama kwa muda mrefu. Akanunua kimoja. Kimoja tu, maana kilikuwa kizuri kweli, na kilimkaa. Karanga zilizobaki kapuni akaziweka, kwa ajili ya mbegu.

Basi mkumbuke: anayekupa pambo la kushika mkononi, kwanza mwangalie amekalia nini.