Zimwi Lililotaka Mtoto Mkaidi

Sogeeni, wanangu, niwarudishe enzi zile mazimwi yalipokuwa yakibisha hodi mchana kweupe.

Palikuwa na Bi Mize na bintiye, Mwanasha. Tangu bibi yake afariki, Mwanasha alikataa kila jambo, akavunja vyungu, akamng'ata mamaye. Bi Mize akachoka. Siku moja zimwi likaja mlangoni.

"Nipe mkaidi huyu, nikupe mtoto mtiifu."

Bi Mize hakukataa.

"Lakini desturi yetu, mzazi husikia kwanza anachokitoa," likasema, likamgusa sikio.

Bi Mize akaita, "Njoo ule uji!"

"Sitaki!" Na sikioni akasikia moyo wa mtoto ukisema: *Uji huu si wa bibi.*

"Njoo uoge!"

"Sitaki!" *Bibi ndiye aliyeniogesha.*

"Basi njoo kwangu!"

"Sitaki!" *Nikikupenda sana, nawe utakufa.*

Bi Mize akalitimua zimwi kwa mwiko, kisha akaketi sakafuni.

"Hata mimi namlilia mama," akasema.

Mwanasha hakuja upesi. Alisogea kidogo kidogo, mpaka uji ukapoa. Wakaimba nyimbo ambazo bibi aliziimba akitwanga, na pale mama aliposahau maneno, mtoto alimkumbusha.

Nami nawaacha papo hapo, wangali wanaimba.