Yai la Mgeni na Daftari la Jikoni

Hapo zamani ambazo bado hazijafika, watu walipokwisha kujenga hadi juu ya pete za Zohali, palikuwa na kituo cha wasafiri, na kituoni palikuwa na mpishi aitwaye Nyamvula. Mikono yake ilijua chapati, mdomo wake ulijua mabishano.

Siku moja akaja mgeni. Mfupi, miguu minene kama vinu, yai kalifunga kifuani. Ramani zote za chombo chake zilikuwa zimeungua.

"Mwanangu ataanguliwa baada ya siku tisa," alisema. "Asipofumbua macho chini ya jua la kwetu, hatayafumbua kamwe."

"Kwenu wapi, dada?" akauliza Nyamvula.

"Kwetu."

"Ndiyo, lakini wapi?"

"Nilikotoka."

Nyamvula akaacha kubishana, akaenda kuwaita wenzake. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule.

Sayari zilizojulikana zilikuwa elfu tisa. Mafuta yalitosha safari moja.

Akasema Fundi Ngowa, mtengeneza dari: "Huyu kila akiinua mguu, kichwa kinatoboa dari. Nimeziba matundu kumi na moja. Kwao vitu ni vizito mno, hapa anajiona unyoya." Sayari elfu tisa zikabaki arobaini.

Akasema Nyamvula: "Huyu kila akiamka hudai chai, wala haamki tunapoamka sisi. Saa za chai naziandika daftarini; pimeni kutoka chai hadi chai, mtajua siku ya kwao ina saa ngapi."

Akasema Dokta Shemboza, aliyekuwa ametumia miaka thelathini kupima uzito na mzunguko wa kila sayari: "Vizuri, binti. Acha daftari lako hapo, utuletee chai. Hesabu tuachie wataalamu."

Binti! Nyamvula aliileta ile chai, akaitua mezani hadi ikamwagika.

Dokta akachukua saa ya chai ya kwanza ya mgeni, iliyotolewa na mashine ya jikoni: mashine imeandika saba. Akachukua saa ya chai iliyofuata, iliyotolewa na Nyamvula: daftari limeandika kumi na mbili. Akatoa, akapata saa tano. Katika zile arobaini, sayari ya saa tano ilikuwa moja. Akamwita rubani. Injini zikaanza kunguruma.

Nyamvula alikuwa akifuta meza. Akaiona karatasi.

"Dokta, hizi tano umezitoa wapi?"

"Kumi na mbili toa saba. Hata mtoto anajua."

"Mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane. Mimi nahesabu kama bibi yangu, kuanzia macheo, hata kama hapa jua halichomozi. Saba ya mashine ni saa moja asubuhi. Kumi na mbili yangu ni jioni. Kutoka saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni ni saa ngapi? Tumia vidole, Dokta, sitamwambia mtu."

Dokta akatumia vidole. Vikamwishia kumi. Fundi Ngowa akamwazima kimoja.

Sayari ya saa kumi na moja nayo ilikuwa moja. Wakaenda wote. Siku ya tisa, chini ya jua jekundu, yai likapasuka. Mtoto akafumbua macho, yote matatu, akapiga chafya.

Mgeni akalia, kisha akasema: "Desturi yetu, mtoto huitwa jina la aliyemfikisha nyumbani. Jina moja tu. La nani?"

"Langu," akasema Dokta. "Bila vipimo vyangu vya miaka thelathini, maneno yenu ni umbea."

"Langu," akasema Fundi. "Bila matundu yangu mngekuwa bado mnahesabu elfu tisa. Na mimi sikukosea popote."

"Langu," akasema Nyamvula. "Chai yangu, daftari langu, na kosa la Dokta nimelikamata mimi, huku injini zinanguruma."

"Kosa hilo ni lako pia," Dokta akamjibu. "Uliandika kumi na mbili bila kuandika jioni. Na ile chai ya kwanza kwa nini ilitolewa na mashine? Mpishi alikuwa wapi asubuhi?"

Nyamvula alikuwa kwenye mkutano wa wafanyakazi, akibishana. Hakulisema hilo. Moyoni alijua kuwa angekuwapo jikoni, chai zote mbili zingeingia kwenye daftari moja, na kosa lisingezaliwa.

Mtoto sasa ana miezi saba. Hana jina, wanamwita "Wewe", na ubaya ni kwamba ameanza kuitika. Basi ninyi mliokaa mkasikiliza, amueni upesi: yule mtoto alistahili kuitwa jina la nani?