Matairi ya Pikipiki ya Subilaga

Hapo zamani, na msidhani zamani ya wafalme na majini, zamani ya juzijuzi tu, pikipiki zilipokuwa zimeshajaa Tukuyu, aliishi fundi cherehani aitwaye Subilaga. Sogeeni karibu. Na wewe uliyefika kidato cha sita, weka simu chini, hapa cheti hakikusaidii.

Subilaga alikuwa na pikipiki. Si hizi zenu za kubebea ndizi! Tangi la mviringo, taa ya duara, kiti cha rangi ya kahawa, spoku zinameta. Ukiiona utasema ni ya enzi za babu, kumbe injini ni mpya kabisa. Kila Alhamisi alimpakia mama yake, aliyewekewa chuma kwenye nyonga, akampeleka kliniki.

Basi Subilaga akapata nafasi ya kusoma Dodoma, miaka miwili. Na matairi yalikuwa yameisha, vipara vitupu. Akaenda kijiweni akasema, "Atakayenipatia matairi ya kumfikisha mama salama, huyo namwachia pikipiki. Siku sita atumie atakavyo. Alhamisi ni ya mama."

Wa kwanza kusimama alikuwa Ambokile, dereva wa bodaboda, anayejua matairi kama anavyojua majina ya shangazi zake. "Dada Subi, hilo limeisha. Tunaivalisha matairi ya meno makubwa. Ikipita, watu wanahama njia."

Wa pili alikuwa Anyosisye, muuza chai wa hapohapo. Kuhusu matairi alijua kwamba ni meusi, basi. Akauliza, "Kwani mama anapita wapi?"

Kijiwe kikacheka. "Anapita barabarani, Anyo! Ulitaka apite hewani?"

Anyosisye akaweka birika chini. Akaifuata njia yote kwa miguu, kutoka mlangoni kwa mama mpaka kliniki, mvua inamnyeshea. Akarudi na sketi imelowa. "Tope ni hatua mia mbili tu, pale kwa mama. Kwingine kote ni lami, ina maji, na inashuka kona tano. Hayo meno ni ya kumng'ata nani?"

Ambokile akakubali. Hapo nampa heko, maana wengi wenu mngebisha mpaka mate yakauke. Alijua fika kwamba meno makubwa hayashiki vizuri lami yenye maji. "Basi ni ya lami," akasema, "yenye mifereji ya kutoa maji." Akaenda Mbeya. Duka la kwanza, saizi hakuna. Duka la pili, hakuna. La tatu, hakuna. La nne akapata la mbele, la saba akapata la nyuma. Akarudi ameyavaa mabegani kama mshindi.

Wa tatu alikuwa Gwamaka, fundi pancha. Na mafundi pancha wa kijiwe kile walikuwa na desturi yao: mteja akileta tairi, unafunga. Husemi ubaya wa mali aliyoinunua mwenzako, kwa sababu ukisema, kesho hakuletei kazi. Gwamaka akafunga la mbele. Akafunga la nyuma. Ubavuni mwa lile la nyuma akaona tarakimu nne, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lilikuwa na miaka tisa! Linang'aa, halijakanyaga hata sisimizi, lakini mpira umekauka.

Jumanne akanyamaza. Jumatano akanyamaza. Alhamisi, mama keshapanda, Gwamaka akaja mbio akashika usukani. "Shuka, Mama. Tairi hili limemzidi umri mjukuu wako."

"Unaniharibia jina mbele za watu!" Ambokile akafoka.

Gwamaka akalifungua, akalikunja. Nyufa zikatokea kama kisigino cha mkulima wa viazi. Ambokile akaziona kwa macho yake. Akarudi Mbeya siku ileile, akabadilishiwa, safari hii akisoma tarakimu kwanza. Lakini tangu siku hiyo madereva wakampita Gwamaka, pancha zao wakapeleka kwa jirani yake.

Alhamisi iliyofuata, mvua. Kona ya tatu, ng'ombe kasimama katikati ya lami. Subilaga akabana breki. Pikipiki ikasimama wima, haikuyumba hata kidogo.

"Mbona tumesimama?" mama akauliza kule nyuma. "Kliniki si hapa."

Asubuhi ya safari ya Dodoma wote wakafika stendi.

"Nani aliyeyajua matairi?" akasema Ambokile. "Nani aliyezunguka maduka saba? Bila mimi mngefunga maneno kwenye rimu."

"Bila swali langu ungemwangusha mama kona ya kwanza," akasema Anyosisye.

"Wewe hata kuendesha hujui!"

"Nitajifunza. Wewe kuuliza utajifunza lini?"

Gwamaka akasema, "Mimi nilisema, na wateja wameniacha."

"Ulinyamaza siku mbili!" Ambokile akadakia.

"Nilinyamaza. Kisha nikasema."

"Mama alikuwa keshapanda!"

"Ndiyo. Ndipo nikasema."

Subilaga akamtazama mama yake. Mama akasema, "Mwanangu, nitapanda nyuma ya yeyote. Ila uniambie kwa nini huyo."

Basi likapiga honi. Ufunguo ni mmoja, uko kiganjani mwa Subilaga, na mikono iliyonyooshwa ni mitatu.

Haya, mafundi wa kila kitu, acheni kunitazama mimi. Angekuwa mama yako ndiye wa kupanda nyuma kila Alhamisi, ufunguo ungeuweka katika mkono wa nani?